Kadi ya Manjano na Plastiki ya Moto

Orodha niliyopewa karakanani ilikuwa na mistari kumi na minne, imepigwa chapa vizuri, na juu yake pameandikwa: Maandalizi ya safari ya Sierra Leone. Niliisoma nimesimama, nikacheka. Mimi ni mtu niliyefanya mtihani wa kidato cha nne nikiwa na miaka thelathini na tisa, nikiwa nimebanwa kwenye dawati moja na vijana wa rika la mwanangu wa kwanza, magoti yamekunjwa hadi masikioni. Mistari kumi na minne ingenifanya nini? Kwa hesabu yangu ya siku hiyo, ilikuwa kazi ya alasiri moja na birika moja la chai.

Mstari wa tatu peke yake nusura unizike.

Nieleze kwanza safari yenyewe. Karakana yetu iko mtaa wa Baba Dogo, imebanwa kati ya kiwanda cha ndoo na kiwanda cha magodoro, na sisi hutengeneza mashine za kukamua mafuta: ya alizeti, ya karanga, ya ufuta, ya chochote chenye mafuta na kisichoweza kukimbia. Chama kimoja cha akina mama huko Sierra Leone kilikuwa kimenunua mashine yetu ya kukamua kokwa za michikichi. Mashine ilitangulia kwa meli, vipande vipande ndani ya sanduku la mbao, na ilibidi mtu aifuate, aiunge, aiwashe, kisha awafundishe wenyewe kuitunza. Jumamosi moja adhuhuri mkubwa wetu alikusanya mafundi wote kumi na mmoja, akasema, "Sitaki mtu wa misuli. Misuli huko ipo. Nataka mtu wa kusoma na kueleza." Halafu akaniangalia mimi.

Kwa miaka kumi na sita watu wa pale walikuwa wakiniangalia tu palipokuwa na kitu cha kubebwa. Nilipoanza masomo ya jioni katika ukumbi wa kanisa mtaa wa Umoja, wenzangu walinibandika jina la Profesa, na haikuwa sifa. "Profesa, hebu tusomee hii spana imeandikwa nini." "Profesa, leta jembe, na utupe historia yake." Sasa Profesa alikuwa amechaguliwa kupanda ndege kwa sababu ya kichwa chake. Mabega yangu yenyewe yalishangaa.

"Lakini," mkubwa akaongeza, "ndege ni wiki mbili kutoka leo. Ijumaa hii saa nne asubuhi nataka karatasi zako zote mezani kwangu. Ikikosekana moja tu, anakwenda mchomeleaji."

Mchomeleaji, fundi mwenzetu, aliwahi kufanya kazi Kongo, kwa hiyo alikuwa na kila kitu tayari, pamoja na kadi ya chanjo ambayo haiishi nguvu mpaka mtu mwenyewe aishe. Hakuwa mtu mbaya. Alinipa hongera kwa mkono wenye grisi, akasema, "Profesa, ukikwama niambie mapema, nianze kufua mashati." Nilicheka kwa sauti kubwa kuliko ya wote. 

Jumapili baada ya kanisa, maandalizi yakahamia nyumbani kwetu mtaa wa Pipeline, ghorofa ya tano, chumba ambacho jua hukisikia kwa majirani tu. Shemeji yangu, kaka mkubwa wa mke wangu, alitoka Umoja akiwa na koti la suti na begi la mgongoni, kuja kunishauri. Shemeji ni dereva wa kanisa lao. Aliwahi kuisindikiza kwaya yao hadi Ghana na kulala huko siku tatu, na tangu siku hiyo hakuna jambo la Afrika Magharibi asilolijua, kuanzia bei ya ndizi hadi mawazo ya marais.

"Shemeji, sikiliza," akasema, akijaza kochi zima. "Wewe umezoea joto la Mombasa. Lile ni joto la mgeni, linabisha hodi. Kule Magharibi joto linaingia na viatu. Unaoga, unajifuta, unajikuta umelowa kuliko ulipokuwa unaoga."

"Na mvua?" nikauliza, kwa sababu mstari wa nane wa orodha ulitaka koti la mvua na viatu vya kukauka haraka.

"Mvua ya kule haianzi kwa matone. Inamwagwa. Na mbu..." Akatikisa kichwa kama aliyekumbuka marehemu. "Mbu wa kule wanapanga foleni."

Mke wangu alikuwa amepiga magoti mbele ya sanduku. Mstari wa sita ulisema: nguo nyepesi za pamba, mikono mirefu kwa ajili ya jioni. Yeye alikuwa ameshaingiza sweta mbili.

"Mama Watoto," nikasema, "umemsikia kaka yako? Mtu anapikwa kule. Sweta za nini?"

"Hilo ni joto la mchana, Baba Watoto. Asubuhi je?"

"Asubuhi pia ni joto."

"Saa kumi na moja alfajiri? Umewahi kuwa huko saa kumi na moja alfajiri? Hujawahi. Basi hujui." Akaongeza soksi za sufu. Kisha akaongeza unga wa mahindi, pakiti tatu za kilo mbili mbili, kwa sababu alikuwa amesikia kwamba kule watu wanakula wali asubuhi, mchana na jioni, na mume wake wali haumshibishi, unamdanganya tu.

Orodha iliruhusu kilo ishirini na tatu. Tulilishusha sanduku ghorofa tano hadi kwa muuza makaa wa chini, mwenye mizani ya kuning'iniza. Mshale ulipita thelathini ukaendelea kama mtu aliyekosa kituo chake. Tulitoa viatu vyangu vya pili. Tukatoa taulo. Tukatoa kitabu changu cha maelezo ya mashine, nilichokiandika mwenyewe kwa miezi mitatu, ambacho ndicho sababu ya safari, halafu nikakirudisha kwa hasira. Unga haukuguswa. Sweta hazikuguswa. Muuza makaa aliangalia mambo yale akasema, "Mzee, hapa mwenye kubaki ni wewe."

Hayo yote yalikuwa mchezo. Sasa mstari wa tatu.

Mstari wa tatu ulisema: chanjo ya homa ya manjano, na kadi yake. Wasiojua nawaambia: ukienda nchi zile bila kadi hiyo ya manjano, mlangoni hupiti. Na chanjo haifanyi kazi siku ile ile. Inataka siku kumi za kujiandaa ndani ya mwili, na maofisa wanazihesabu. Ukichomwa Jumatatu, kadi yako inaanza kuwa kadi Alhamisi ya wiki inayofuata. Mimi nilikwenda Jumatatu ile ile asubuhi, kwenye kituo kimoja cha chanjo mjini, nikiwa na siku kumi na mbili mkononi. Mbili za ziada! Nilijiona mtu wa mipango.

Kuhusu sindano yenyewe, nitasema ukweli hapa, ingawa wakati ule sikuusema popote. Nakumbuka muuguzi kijana akinikunjia mkono wa shati. Nakumbuka harufu ya spiriti. Nakumbuka pamba. Halafu nakumbuka dari, na baada ya dari nakumbuka chumba kingine chenye kitanda, na muuguzi mwingine akinishikia soda mdomoni kama mtoto mchanga. Mimi, ninayeinua injini peke yangu! Yule muuguzi wa chumba cha kitanda aliandika kitu katika kidaftari kidogo, akanijazia kadi yangu kwa wino wa buluu, akasema, "Mwenye muhuri ametoka. Rudi kesho akupigie muhuri. Na tafadhali hii kadi usiipoteze, na usiiloweshe."

Usiiloweshe. Neno hilo ndilo lililonimaliza.

Maana nyumbani kwetu maji hayafuati mabomba, yanafuata watu. Jirani wa ghorofa ya sita akifua, sisi tunalowa. Cheti cha ndoa yetu kina ramani ya Ziwa Victoria iliyochorwa na dari. Kwa sababu hiyo, pale Pipeline, na Umoja, na kote huku kwetu, karatasi yoyote ya maana haiingii nyumbani kabla haijapita kwa jamaa wa saiba, yule wa kompyuta na fotokopi, na kulaminetiwa: kuvalishwa plastiki ya moto mbele na nyuma mpaka inakuwa ngumu kama sahani. Vyeti vya kuzaliwa vya watoto wetu ukivigonga vinalia. Cheti changu cha kidato cha nne nilikilamineti siku ile ile nilipokipokea, wino haujapoa, na kinaning'inia ukutani juu ya televisheni, hakuna mvua ya kukitisha. Mtu wa huku akikuonyesha karatasi tupu, isiyo na plastiki, unajiuliza kama hata yeye anaiamini.

Basi nilishuka stendi na kadi ya manjano mkononi, nikaipeleka moja kwa moja kwa jamaa wa saiba. "Niaje, mzee," akasema. "Hii ni nini?"

"Hii ni Sierra Leone," nikamwambia.

Akaiingiza kwenye mashine. Ikatoka upande wa pili inang'aa, ina joto, inanukia heshima.

Nilipofika nyumbani niliiweka mezani kwa mke wangu na shemeji, aliyekuwa amepita kuona kama ushauri wake unafuatwa. "Sindano iliumaje?" shemeji akauliza. "Wale wanakwaya wetu walilia wote, hata wa besi."

"Kulia?" nikasema. "Mimi sindano ilipofika kwenye mkono ilipinda. Muuguzi akaiangalia, akaniangalia, akaomba radhi."

Shemeji akapiga paja. Mke wangu akaiinua kadi, akaigonga mezani mara mbili, ikalia vizuri, akaridhika.

Jumanne sikurudi kwa ajili ya muhuri. Tulikuwa na mashine ya mteja wa Nakuru, na mkubwa hakumwachilia mtu hata kwenda msalani. Nami moyoni nilishaihesabu kadi kuwa imekamilika. Kitu kinachong'aa namna ile kingekosa nini?

Jumatano saa ya chakula mkubwa aliniita. "Lete kadi niione mapema, tusije tukashangazana Ijumaa." Nikamletea kwa mikono miwili. Aliigeuza. Akaigeuza tena. Akaipeleka dirishani.

"Muhuri uko wapi?"

"Muhuri nitaupata, mkubwa. Mwenye muhuri alikuwa ametoka."

"Utapigwa wapi? Juu ya plastiki?"

Nilikuwa naangalia kile kiboksi kidogo cheupe kwenye kadi, mahali pa muhuri, kimelala chini ya plastiki kama samaki chini ya barafu. Unakiona na hukigusi.

"Nani amekwambia uivalishe hii?" mkubwa akauliza taratibu.

"Hakuna, mkubwa. Sisi... ndivyo tunavyofanya."

"Ijumaa saa nne," akasema, akanirudishia.

Mchomeleaji alikuwa amesimama mlangoni na bakuli lake la githeri. Alinipisha njia kwa adabu, na adabu hiyo iliniuma kuliko kama angetaja mashati.

Nilifika nyumbani jioni ile nikiwa nimekwisha kupanga. Fundi hashindwi na plastiki. Kilichobandikwa kwa moto kitabanduka kwa moto. Nilitandika taulo mezani, nikafunika kadi kwa kitambaa, nikachukua pasi. Mke wangu aliingia akitoka dukani, akasimama na mfuko wa mboga.

"Baba Watoto, unapiga pasi kadi?"

"Naifungua."

"Umemuuliza mtu?"

"Nimuulize nani? Hii ni sayansi ya kidato cha pili. Vitu vikipata joto vinatanuka."

Vilitanuka. Plastiki ilijikunja kama ngozi ya maziwa, ikavuta na kadi yenyewe, na ule wino wa buluu wa muuguzi ukatawanyika. Jina langu likawa moshi. Namba ya dawa ikawa moshi. Tarehe ilibaki nusu. Nilipoinua kitambaa, kadi ilikuwa imejiviringisha kama chapati iliyosahauliwa, na nyumba nzima inanuka kiwanda cha ndoo. Niliivuta kona moja, ikatoa uzi mrefu wa plastiki, ukanishika kidoleni na kuniunguza. Nilipiga meza teke. Meza ile niliitengeneza mwenyewe kwa chuma cha karakana, haikusogea hata kidogo, na kidole gumba cha mguu bado kinanikumbusha siku za baridi.

Mke wangu aliweka mboga chini. Alikuwa ametangaza safari hii kanisani, mbele ya kina mama wote. Alikuwa amewaambia kwamba mume wake anakwenda kufundisha. Alitumia neno hilo hilo: kufundisha.

"Kesho tunakwenda wote," akasema. "Wewe hutashika tena karatasi yoyote ya nyumba hii peke yako."

Alhamisi asubuhi tulikuwa kituoni kabla mlinzi hajamaliza kufagia. Safari hii mwenye muhuri alikuwapo: mama wa makamo, miwani kwenye kamba, muhuri wenyewe uko mbele yake umesimama juu ya kidau cha wino kama askari. Wauguzi wa Jumatatu hawakuwa zamu, wote wawili. Nyuma yetu mabenchi yalijaa wasafiri wanaosubiri, kama watu arobaini, na katika masimulizi yangu mengine huwa wanafika mia tatu.

Mama wa muhuri aliishika ile kadi kwa ncha za vidole. "Hii imepata ajali gani?"

"Ilipigwa pasi," mke wangu akasema, kabla sijapata jibu zuri zaidi.

"Kabla ya pasi?"

"Ililaminetiwa."

Yule mama alivua miwani, akaivaa tena. "Mwaka huu wewe ni wa nne. Wa kwanza alitoka mtaa wa Kayole." Hakucheka, ila nilimwona akijizuia. "Sikiliza, baba. Ninaweza kukupa kadi nyingine yenye tarehe ile ile ya Jumatatu. Lakini lazima nione jina lako katika kitabu, na namba ya dawa uliyochomwa. Hapa kwenye kadi hapasomeki kitu."

Akafungua kitabu kikubwa, akafika Jumatatu, akashuka na kidole. Akashuka tena kutoka juu. Kidole kilipofika chini kwa mara ya pili, uso wake ulikuwa umebadilika.

"Hupo."

"Nipo, mama. Nilichomwa."

"Siku nzima nimeisoma. Hupo." Akanitazama juu ya miwani. "Wako watu wanaonunua kadi tupu huko nje wakijijazia wenyewe, kisha wanakuja kwetu na hadithi za kuloa na kuungua."

"Mimi sikununua! Mungu ni shahidi, nilichomwa hapa hapa!"

"Basi nitakuchoma upya leo, nikupe kadi ya leo. Dawa haitakudhuru."

Nilihesabu kwa vidole chini ya meza. Ijumaa, moja. Jumamosi, mbili. Nilihesabu mara tatu, kwa sababu hesabu ndiyo somo nililopata alama nzuri na sikutaka kuamini. Siku kumi kutoka Alhamisi ile ziliishia Jumapili. Ndege ilikuwa Jumamosi. Siku moja! Miaka kumi na sita ya kubeba vyuma, miaka minne ya kusoma jioni nimelowa jasho la kazi, miezi mitatu ya kuandika kitabu cha mashine, na ningekosa kwa siku moja, na mchomeleaji angekwenda kusimama mbele ya wale akina mama na kitabu changu mkononi, asome polepole, kwa kidole.

Na ubaya wake ni kwamba nilijua nilipo. Nilikuwa katika kile kidaftari kidogo cha chumba cha kitanda. Nilijua tangu kidole cha yule mama kilipoanza kushuka. Lakini mke wangu alikuwa amesimama hapa, bega kwa bega nami, na benchi zima lilikuwa limeacha simu zake na kutusikiliza.

"Labda," nikasema, "mjaribu kitabu kingine."

"Kipi?"

"Chochote kile kingine."

"Tuna kitabu kimoja cha waliochanjwa, baba."

"Hata daftari. Daftari dogo. Pengine kuna daftari dogo mahali."

"Kwa nini jina lako liwe kwenye daftari dogo?"

"Sijui. Nauliza tu. Vitabu huchanganyika."

Mke wangu aligeuka akanitazama. Miaka kumi na tisa ya ndoa, huyu mtu ananisoma kuliko mimi ninavyosoma Kiingereza. "Baba Watoto. Sema."

"Niseme nini?"

"Hicho unachokizungukazunguka. Sema, watu wanangoja."

Nikainama mezani, nikanong'ona.

"Sikusikii," yule mama akasema.

Nikanong'ona tena.

"Baba, toa sauti, hapa kuna watu wengi!"

"Nilianguka!" nikasema, na siku ile ndipo nilipojua kwamba sauti yangu ya karakana haina kipimo cha katikati. "Nilizimia! Nilipelekwa kwenye kile chumba cha kitanda, wakanichoma nikiwa nimelala!"

Kisha mzee mmoja kwenye benchi la nyuma akasema, "Pole sana, kijana," na hapo ndipo wengine walipoangua kicheko.

Mama wa muhuri aliinuka, akaingia chumba cha pili, akarudi na kidaftari chenye jalada jekundu. Jumatatu ilikuwa na mtu mmoja tu. Alisoma kwa sauti, nadhani kwa mazoea ya kazi, ingawa mke wangu mpaka leo anashikilia kwamba ilikuwa zawadi kutoka mbinguni: "Mwanamume, mwili mkubwa. Amezirai alipoona pamba. Amechanjwa akiwa amelala. Amepewa soda, amepumzika nusu saa, amekwenda salama." Jina langu, sawasawa na pasipoti. Namba ya dawa, yote. Sahihi.

"Pamba," akarudia polepole, kama anayehakikisha hesabu.

"Pamba," nikakubali.

Alijaribu kuandika neno Imefutwa juu ya ile kadi iliyoungua, kalamu ikateleza kwenye plastiki, akajaribu tena, ikateleza tena. Mwishowe alichukua mkasi akaikata vipande viwili, kwa nguvu, kama anayekata ngozi ya kiatu. Kisha akachukua kadi mpya. Alijaza jina. Alijaza tarehe ya Jumatatu. Halafu akainua ule muhuri, akaupumulia, akaupiga. Nimesikia mashine nyingi zikiwaka mara ya kwanza. Sijawahi kusikia mlio mtamu kama ule.

Kadi hakunipa mimi. Alimpa mke wangu.

Tulishuka ngazi. Nilikuwa nangojea dhoruba, na nilikuwa nimeiandalia uso wa kuipokea. Kwenye ngazi ya mwisho mke wangu akasimama, akashika ukuta.

"Sindano ilipinda," akasema.

"Mama Watoto..."

"Ilipofika kwenye mkono. Ikapinda. Muuguzi akaomba radhi." Akaketi pale pale kwenye ngazi, na mkoba wake, na nguo yake ya kanisa, akacheka mpaka mlinzi akaja kuuliza kama mama ameugua. Mimi nilisimama. Kidole gumba kinauma, mkono wa chanjo unauma, na bado sikuwa nimekunywa chai.

Ijumaa, saa nne kasoro dakika nane, kadi ilikuwa mezani kwa mkubwa, ndani ya Biblia ya mke wangu, iliyofunikwa na leso, ndani ya mfuko wa mkate. Mkubwa aliufungua mzigo ule hatua kwa hatua kama anayevua kitunguu maganda. Aliutafuta muhuri, akauona, akaukwaruza kidogo kwa ukucha. "Hii usiifanyie kitu chochote," akasema. "Hata kuipenda sana, usiipende." Mchomeleaji alinipita mlangoni, akanipiga begani, lile la chanjo. "Basi mashati yangu yatakaa machafu, Profesa. Wasalimie."

Jioni yake shemeji alifika, amebeba chandarua cha mbu alichorudi nacho kutoka Ghana, chenye tundu la kupita paka. Tulikuwa tunapigana na sanduku. Unga ulikuwa bado umo, kilo sita, na sweta zote mbili, na soksi. Shemeji alikaa kwenye kochi, akakunja miguu.

"Nimesikia mlirudi kule kwa sindano," akasema. "Kumetokea nini? Shemeji aliogopa?"

Nilikuwa nimepiga goti juu ya sanduku, navuta zipu. Sikuinua uso. Nilisikia masikio yangu yakipata moto hata kabla ya kufika Sierra Leone.

"Aogope?" mke wangu akajibu, akizikandamiza zile sweta kwa viganja viwili. "Kaka, ile ya kwanza si ulisikia ilipinda? Sasa walitaka kuhakikisha. Wakaleta ya pili, ikavunjika. Ya tatu ndiyo ikaingia, na hiyo waliagiza kutoka kwa daktari wa ng'ombe."

Shemeji aliniangalia kwa heshima ambayo kwa miaka kumi na tisa hajawahi kunipa. Mimi niliendelea kuvuta zipu. Ninazijua chumvi zote, lakini hiyo ilikuwa imenizidi, na ilitiwa kwa ajili yangu.

"Keti juu yake," mke wangu akaniambia, akionyesha sanduku. Nikaketi. Akavuta zipu, ikafunga.